Darubini Ijitegemee kwa Umeme

Umeme wa Unguja hutoka Tanzania Bara kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwezi Mei 2008 njia hiyo ilikatika, kisiwa kikakosa umeme karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ikakatika tena, kwa muda wa miezi mitatu hivi. Usiku usio na taa za barabarani ndio autakao mtazama nyota. Lakini darubini inayozungushwa kwa mota ya umeme huohuo isingeweza kuifuata hata nyota moja.

Kebo mpya ya megawati 100 ilizinduliwa mwaka 2013. Hata hivyo, mwalimu anayekusudia kujenga kijumba cha darubini huko Makunduchi, mbali na mwanga wa Mji Mkongwe, hana budi kujitegemea. Jenereta haifai, kwani mtikisiko wake huitetemesha taswira. Kinachofaa ni umeme wa jua, na hesabu itangulie ununuzi.

Mota ya wati 12, kompyuta ndogo ya wati 40 na taa nyekundu ya wati 3 hutumia wati 55. Kwa saa 6 ni wati-saa 330. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200, ila isitumiwe zaidi ya nusu, isije ikafa mapema. Paneli ya wati 100, ikipata jua kali kwa saa 5, huzalisha wati-saa 500 kabla ya kutoa upotevu. Wakati wa masika mawingu hulificha jua, lakini huzificha nyota pia.

Mwanafunzi akiikamilisha hesabu hiyo, amekwisha kuianza elimu ya anga.