Mtambo Hauwi Mdhamini

Pana watu wasemao siku hizi kwamba biashara imepata mtumishi asiyelala, asiyechoka, wala asiyedai mshahara. Mtumishi huyo ni akili unde. Huandika barua, hujibu wanunuzi, hukadiria bei, na huamua nani akopeshwe na nani anyimwe. Kwa kuwa maneno yake ni laini, husifiwa pia kuwa ni rafiki wa mteja. Sifa ya utumishi ni ya kweli. Sifa ya urafiki ni ya uongo, na uongo huo haufai kuachwa ukaota mizizi.

Kwihara, karibu na Tabora, iliona jambo linalofaa kukumbukwa katika shauri hili. Oktoba 1873 wapagazi waliingia hapo wakiwa na maiti ya David Livingstone. Mwajiri wao alikuwa amekufa. Hapakuwa na wa kuwaamuru wala wa kuwahakikishia ujira. Verney Lovett Cameron, aliyekuwako Kwihara wakati huo, aliwashauri wamzike papo hapo. Lilikuwa shauri la mtu mwenye hesabu, kwa maana njia ya pwani ilikuwa ndefu na mzigo ulikuwa wa hatari. Chuma, Susi na wenzao walikataa, na Februari 1874 maiti ilifika Bagamoyo. Hesabu ilisema watue. Amana ilisema wabebe.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwisho wa njia hiyo hiyo, lilitukia jambo la kinyume. Oktoba 1871 Livingstone alifika Ujiji akakuta bidhaa zake zimekwisha kuuzwa. Kwa maelezo yake mwenyewe, Sherifu aliyekabidhiwa mali hiyo alikuwa ametazamia fali, na fali ikamwambia kwamba mwenye mali amekufa. Sherifu alipata jibu lisilo na shahidi, akalikubali kwa sababu lilimfaa. Said bin Majid, kwa upande wake, alimwendea mgeni yule aliyefilisika, akajitolea kuuza pembe zake ili ampatie bidhaa.

Hatari ya mtambo haiko katika kukosea tu, maana wanadamu nao hukosea. Hatari kubwa ni kwamba humpa mwenye biashara mahali pa kujificha. Karani akimnyima mtu haki yake aweza kuulizwa sababu, akaona haya, akajirekebisha. Mtambo hauoni haya. Neno “mfumo umekataa” ndilo fali ya zama hizi, na wanaolitamka hupumzika baada ya kulitamka, kama Sherifu wa Ujiji.

Watakuwapo wa kusema kwamba njia ile ile ilipitisha watumwa, na kwamba wafanyabiashara wake walionana uso kwa uso. Ni kweli, wala haifai kufichwa. Lakini ukweli huo hauutetei mtambo. Mtumwa alionekana, asisikilizwe. Alihesabiwa pamoja na pembe, na hesabu ikahesabiwa kuwa biashara. Basi kuonana peke yake hakutoshi. Uhusiano wa haki ni mtu kusikilizwa na mwenye uwezo wa kubadili neno, na mwenye kosa kulijibu kosa lake.

Jambo hili si la Ulaya wala Marekani tu. Nchini Tanzania, tangu M-Pawa ilipoanzishwa mwaka 2014, mtu asiye na shamba wala nyumba ya kuweka rehani aweza kupata mkopo mdogo kwa simu yake. Hiyo ni neema, na anayeibeza hajapata kukosa mtaji. Lakini neema ilifuatwa na walanguzi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kosa lililojulikana sana katika mikopo ya aina hiyo lilikuwa kuwapelekea ujumbe jamaa na rafiki za mdeni ili afedheheke. Undugu, uliokuwa dhamana ya maskini, uligeuzwa kiboko cha kumpigia.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetambua haki ya mtu kuhusu maamuzi yatolewayo na mitambo peke yake. Haki iliyoandikwa, hata hivyo, yahitaji mtu wa kuipokea. Kampuni inayoajiri mtambo na kuwaondoa wote waliokuwa wakiwasikiliza wateja imeacha sheria mlangoni. Yapasa mteja aambiwe anapozungumza na mtambo. Yapasa aliyekataliwa na mtambo aweze kumfikia mtu, naye mtu huyo awe na mamlaka ya kuligeuza jibu, si ya kulirudia tu. Na yapasa mdeni aliyechelewa aulizwe kwa siri kilichompata kabla ya kutozwa adhabu.

Wenye mitaji watalalamika kwamba mambo hayo yana gharama. Yana gharama, kama vile ilivyokuwa gharama kubeba maiti kutoka Kwihara hadi pwani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi mtambo na upewe daftari, kwani kulishika waweza kuliko mtu. Lakini dhamana isiwekwe mikononi mwake, maana mdhamini ni yule awezaye kulaumiwa.