Visiwa vidogo vya Zanzibar kati ya hoteli na matumbawe

Zanzibar inataka visiwa vyake vidogo vilete fedha. Ni visiwa zaidi ya 50 vilivyotawanyika kandoni mwa Unguja na Pemba, vingi vikiwa havina wakaazi wa kudumu. Mwishoni mwa mwaka 2021 mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, ZIPA, ilitangaza kwamba baadhi yavyo vimekodishwa kwa wawekezaji wa hoteli za kifahari, kwa matarajio ya vitega uchumi vya zaidi ya dola milioni 260 za Marekani. Serikali ya Rais Hussein Ali Mwinyi, iliyoingia madarakani Novemba 2020, imeuweka mpango huo chini ya sera yake ya uchumi wa buluu.

Hoja ya serikali si ya kupuuzwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 visiwani humo, wengi wao vijana wanaohitaji ajira, na karafuu peke yake haiwezi tena kubeba mzigo huo. Utalii ndio uliobakia kuwa mhimili, na mwaka 2024 wageni walizidi 700,000. Kwa hivyo mjadala wa maana si juu ya kujenga au kutojenga. Ni juu ya nani anayeamua mapema kisiwa kinaweza kubeba watu wangapi, na uamuzi huo umeandikwa wapi.

Kisiwa kidogo cha maweni hakisamehe makosa. Hakina mto wala chemchemi, na maji ya kisima huwa ya chumvi. Jiwe lenyewe lina matundu kama sifongo, hivyo maji machafu yanayomwagwa nyuma ya jiko la hoteli hupenya chini na kutokea baharini, pale pale penye matumbawe ambayo mgeni amelipa nauli kuja kuyaona. Taa za usiku zikiwaka ufukweni, kasa jike hughairi kutaga na vifaranga hupotea njia ya kwenda majini.

Mfano wa jinsi mambo yanavyoweza kwenda vyema uko kilomita 12 hivi kusini magharibi mwa Mji Mkongwe. Chumbe, kisiwa cha hekta zisizozidi 25 chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, kilianza kushughulikiwa mwaka 1991 na Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyekuwa amefanya kazi za maendeleo. Mwaka 1994 serikali iliutangaza mwamba wa upande wa magharibi kuwa hifadhi ya bahari na kuukabidhi usimamizi kwa kampuni binafsi, jambo ambalo wakati huo lilikuwa geni. Msitu nao ulihifadhiwa. Wageni wa kwanza walipokelewa mwaka 1998.

Hapo pana mambo mawili yanayostahili kuangaliwa kwa makini. La kwanza ni mpangilio wa hatua, kwani hifadhi ilitangulia na kitanda kikafuata. La pili ni kipimo. Vijumba ni 7 tu. Kila kimoja huvuna maji yake ya mvua juu ya paa, hutumia umeme wa jua, na choo chake hugeuza kinyesi kuwa mboji badala ya kukishusha baharini. Wageni huogelea juu ya matumbawe, lakini kuzamia kwa mitungi kwa ajili ya starehe hakuruhusiwi. Walinzi ni watu waliokuwa wavuvi katika vijiji vya karibu. Hawana silaha, kazi yao ni kumweleza mvuvi mwenzao kwa nini samaki wanaozaliana Chumbe watamfikia nje ya mpaka. Maji hayo yana aina zaidi ya 200 za matumbawe magumu, na msituni wamehamishiwa paa nunga, mnyama aliyekuwa akiwindwa hadi kukaribia kutoweka Unguja.

Hata hivyo Chumbe si hirizi. Kwa maelezo ya waendeshaji wenyewe, urasimu na ugumu wa ujenzi ulipandisha gharama hadi mara nne ya makadirio, na mwekezaji anayetaka faida ya haraka hatavutiwa na hesabu kama hiyo. Mapato ya hifadhi hutegemea watalii, nao walipotoweka mwaka 2020 kwa sababu ya janga la corona, mishahara ya walinzi ilikosa chanzo chake. Wala uzio wa sheria hauzuii joto: mwaka 1998 na 2016 matumbawe ya Zanzibar yalipauka kama ya kwingineko katika Bahari ya Hindi.

Chumbe ilikuwa pia na bahati. Wavuvi wachache ndio waliokuwa wakiutegemea mwamba ule. Misali, magharibi mwa Pemba, ni kisa kingine kabisa. Mamia ya wavuvi hufika huko, wengine wakipiga dago kwa siku kadhaa, na jina lenyewe huhusishwa na msala wa kusalia. Mpango wa hoteli ulipojitokeza katika miaka ya 1990 ulipingwa, na mwaka 1998 kisiwa kikatangazwa kuwa eneo la hifadhi ambalo wavuvi wana sauti katika uendeshaji wake. Kisiwa kisicho na nyumba si lazima kiwe kisiwa kisicho na wenyewe, na pengine hili ndilo linalosahaulika upesi zaidi ramani inapotandazwa mbele ya mwekezaji.

Tatizo la sasa ni kwamba kila kisiwa kina mkataba wake. Nchini Marekani, katika jimbo la Minnesota, njia tofauti imejaribiwa, japo kwenye mto na si bahari. Champlin, mji mdogo kaskazini mwa Minneapolis, ungependa kama miji mingine kujenga kwenye ukingo wa mto Mississippi, na umejenga. Lakini tangu mwaka 1976 ukanda wa mto huo wenye urefu wa kilomita 116 uko chini ya masharti ya jimbo, yaliyofanywa ya kudumu mwaka 1979 na kuandikwa upya mwaka 2017. Umbali wa jengo kutoka majini, kimo chake na mimea inayoweza kufyekwa vimewekewa kanuni kabla mjenzi hajabisha hodi. Halmashauri ya mji hutunga sheria zake ndogo, ila lazima zikubaliwe na idara ya maliasili ya jimbo. Mjenzi anayekataliwa Champlin hayakwepi masharti ya jimbo kwa kuhamia mji wa jirani ulio katika ukanda huo.

Zanzibar haikosi sheria. Ile ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 2015 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa. Lakini tathmini hutazama mradi mmoja mmoja, ilhali maji ni yale yale. Mnemba ni kielelezo: kisiwa chenyewe kina hoteli ya wageni wachache, na eneo linalokizunguka ni hifadhi tangu mwaka 2002, lakini boti za watalii kutoka hoteli za Unguja zimekuwa zikisongamana juu ya mwamba wake kila asubuhi ya msimu.

Bawe, kinachoonekana kutoka bandari ya Mji Mkongwe, tayari kimepata hoteli ya kifahari. Vingine vinasubiri. Kwa mvuvi wa Pemba au wa Unguja linalohitajika kwanza ni dogo: kuyaona masharti ya mkataba, idadi ya vitanda na mpaka wa maji atakayozuiwa, kabla nguzo ya kwanza haijachimbiwa.