Mbuzi wa Kapedo na Msamiati wa Maabara

Mfugaji wa Kapedo hahitaji kufundishwa homa ya mapafu ya mbuzi. Waturukana huiita loukoi. Mbuzi hukohoa, huhema kwa shida, kisha hufa, na ugonjwa huenea kundini kwa njia ya pumzi. Bakteria wake, wa jamii ya mikoplazima, walitambuliwa nchini Kenya mwaka 1976.

Ili chanjo yake ipimwe, mbuzi waliochanjwa na wasiochanjwa huchanganywa na wagonjwa, kisha mapafu yao hukaguliwa. Wasiochanjwa hulipa kwa uhai wao ili thamani ya chanjo ijulikane.

Mwanafunzi anayefasiri neno kwa neno kutoka Kiingereza ataiita njia hii "kielelezo cha maambukizi". Tafsiri hiyo sisisi inapotosha, kwani kielelezo kwa mfugaji ni picha au mfano wa kuigwa. Hatang'amua kwamba kuna mbuzi aliyeambukizwa kwa makusudi. "Jaribio la kuambukiza" linasema ukweli, na "kundi linganishi" linawataja walioachwa bila kinga.

Isisahaulike kwamba Kiswahili huko ni daraja tu kati ya Kiingereza cha maabara na Kiturukana cha malishoni. Neno likipotoka darajani, mfugaji ndiye anayepotea, naye ndiye mwenye mbuzi. Kwa hiyo, wanaounda istilahi wasiridhike na meza za vyuo. Wazipeleke malishoni zikapimwe kwanza, kama chanjo yenyewe inavyopimwa.