Mazungumzo ya Jamaa: Ramani ya Aksida



Kijana mmoja wa koro yetu alikuja nyumbani na telefone mkononi. «Baba Pasta, angalia. Hii ni London.» Nikaona ramani ya mji, imejaa miviringo yenye namba ndani. Akagusa mmoja, ukagawanyika kuwa midogo mingi. Akagusa tena, na tena, mpaka tukafika kwenye avenyu moja tu, na kwenye makutano ya njia kulikuwa alama tatu. Akagusa moja. Yakatokea maneno: siku, saa, giza ao mwangaza, barabara kavu ao yenye maji, magari mangapi. Halafu: mtu wa miguu, mtoto, ameumia sana. Jina hapana.

Mimi nilizania ni mchezo wa vijana. Kumbe kila alama ni jamaa moja iliyopigiwa hodi na polisi siku ile.

Nikamuliza: nani anaandika mambo haya? Ni polisi. Kule Uingereza, tangu 1949, mtu akiumia kwa aksida ya barabara polisi wanajaza karatasi ya namna moja katika inchi yote. Wanaandika mahali penyewe kwa namba za ramani, na kama mtu alikufa, aliumia sana ao kidogo. Akifa lopitalini mbele siku 30 hazijapita, anahesabiwa kati ya wafu wa barabara. Kila mwaka serkali inafungulia watu wote habari zile, pasipo majina. Kwa hiyo mtu yeyote anayejua kazi ya ordinatere anaweza kuzitia juu ya ramani. Mzazi anatafuta masomo ya mtoto wake, anachagua «watu wa miguu», anachagua saa za asubui, anaona.

Mwaka 1966 watu 7.985 walikufa katika barabara za kule. Mwaka 2023 walikuwa 1.624, na magari yameongezeka sana. Ramani haikufanya hayo peke yake, tusidanganyane. Kulikuwa sheria ya pombe ya 1967, mikanda ya gari, barabara zilizotengenezwa upya. Lakini utatengeneza wapi kwanza kama hujui watu wanaangukia wapi?

Sasa vijana, musisome ramani hii kwa haraka. Mahali penye alama nyingi si lazima pawe pabaya kupita pengine. Labda watu elfu wanapita pale, na pengine wanapita kumi tu. Alama ya zamani inaweza kubaki hata kama njia imekwisha kubadilishwa. Tena aksida isiyoumiza mtu haiingii kabisa, na hata ile iliyoumiza, kama hakuna aliyeita polisi, haiko. Alama inazaliwa siku mtu anaandika.

Basi, kwenye polisi hawaandiki yote, watu wafanye namna gani? Kule Nairobi wamejaribu jambo moja lililonipendeza sana. Watu wa mji ule wana mazoea ya kutumiana habari za barabara kwa telefone, kupitia Ma3Route: hapa magari yamesimama, pale matatu imegonga pikipiki. Watafiti wa Banki ya Dunia walikusanya habari zile za kuanzia 2012 mpaka 2020, karibu 33.000 zilizosema juu ya aksida. Wengi walikuwa wameandika juu ya aksida moja, kwa hiyo walipoziunganisha zikabaki karibu 23.000. Kazi ngumu ilikuwa mahali. Maana mtu wa Nairobi ni kama sisi, hasemi namba ya avenyu. Anasema: karibu na soko, mbele ya kanisa, kisha kupita esanse. Soko gani? Walifundisha mashini kutafuta majina ya mahali na kuchagua lile linalofaa. Halafu wakatuma watu wa pikipiki kwenda kuona kwa macho kama kweli aksida iko pale. Mara nyingi sana iliku pale.

Na matokeo yake? Nusu ya aksida zile zilianguka kwenye sehemu 1 tu kwa 100 ya barabara za mji. Moja kwa mia! Maana yake hauhitaji kutengeneza mji wote ili kuokoa watu wengi.

Shirika la Afya la Dunia lilihesabu wafu milioni 1,19 kwa barabara mwaka 2021, zaidi ya nusu wakiwa watu wa miguu, wa kinga na wa pikipiki. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29, hakuna kitu kinachoua kupita barabara. Ni nyinyi hao, wasomaji wa ukurasa huu.

Yule kijana alisukuma ramani kwa kidole mpaka kwetu. Barabara ya kamiyo za shaba iko, jina la mji liko. Alama, hata moja. Mama Pasta alikuwa anachambua sombe, akainua kichwa: «Basi kwetu batu habakufake?» Hakuna aliyecheka. Sisi wote tunajua mahali wamama wanauzia ndizi pembeni ya lami, na nani hayuko tena pale.

Kijana alinunua kaye. Juma lililofuata alinionyesha mistari mine: siku, saa, kamiyo, pikipiki, mtu wa miguu. Mahali aliandika «karibu na pompe». Nikamuliza, pompe gani, ya juu ao ya chini? Akachukua kaye yake, akarudi barabarani.