Mlipe kibarua kwanza, sadaka ingoje

Na Rehema Mwakio

Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliwashangaza Wakenya. Rais William Ruto alikuwa amesali katika kanisa la Soweto, akatoa fedha kwa ajili ya nyumba ya mapadri na kwaya, na kuahidi nyingine. Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza zirudishwe. Magazeti na vijiwe vikabishana nani kamkomoa nani. Kwangu lilikuwa jambo la ibada tangu mwanzo, na ninasikitika tuliliacha lipite kama kisa cha siasa.

Tumeizoea ile picha. Mfadhili anaitwa mbele, kiasi kinatajwa kwenye kipaza sauti, kina mama wanapiga vigelegele, mchungaji anamwekea mkono kichwani. Nje ya geti amesimama kibarua aliyemchimbia msingi wa nyumba, na kila akipiga simu anaambiwa arudi wiki ijayo. Ndani, hakuna anayeuliza. Tumekubaliana kimyakimya kwamba maswali yanakoma mtu akishatumbukiza bahasha kapuni.

Yesu hakukubali hivyo. Katika Mathayo sura ya 5 anamzungumzia mtu aliyekwisha kufika madhabahuni na sadaka mkononi, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Anamwagiza aiache palepale, aende wakapatane, ndipo arudi kutoa. Ibada inakatizwa katikati! Karne nane kabla yake, nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara walioitunza Sabato huku wakingoja kwa hamu iishe, warudi sokoni kwa mizani ya udanganyifu. Waraka wa Yakobo nao unasema ujira aliodhulumiwa mvunaji unapiga kelele, na Mungu anasikia.

Kanisa limewahi kuwa na ujasiri huo. Mwaka 390, baada ya askari wa Kaisari Theodosius kuua maelfu ya watu Thesalonike, Askofu Ambrose wa Milano alimwandikia kwamba hataadhimisha Ekaristi mbele yake mpaka atubu. Kaisari alitubu hadharani ndipo akarudi mezani pa Bwana.

Hapa kwetu hatuna haja ya kwenda Milano. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulikuwa na kipimo ambacho jirani yeyote aliweza kukiona: aliyeokoka alirudisha. Watu walibeba vitu walivyoiba wakawapelekea wenyewe. Walilipa madeni ambayo hata mdai alikuwa ameyasahau. Ushuhuda wa mdomo ulifuatwa na mzigo kichwani, na wanakijiji wakaamini.

Najua hoja inayokuja: kanisa ni la wenye dhambi, tukianza kuchuja nani atabaki? Ni kweli, na mlango usifungwe kwa yeyote. Mtu apokewe, bahasha yake ingoje. Zakayo mtoza ushuru alipokewa na Yesu akiwa bado na mali ya dhuluma nyumbani; hakuna aliyemwomba mchango wa ujenzi, na mwenyewe akasimama kuahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu.

Wala tusiishie kwa wanasiasa, maana hao ni rahisi kuwanyooshea kidole. Parokia au shirika linalomkalia mlinzi, mpishi au mwalimu wa chekechea mshahara wa miezi lina deni lilelile. Mwenye nyumba anayewahi misa ya kwanza huku dada wa kazi ameachiwa nguo za kufua, hajui lini atalipwa, naye yumo. Wazee wa kanisa, ulizeni. Kwenye kikao chenu kijacho, kabla ya kujadili paa na vyombo vya muziki, someni kwanza orodha ya watu ambao kanisa lenu halijawalipa, muanze na hao.