Kadi ya grafiki hainunuliwi kwa jedwali la Marekani

Haya, leo naandika kwa hasira kidogo, mnivumilie.

Kila mara kijana wa hapa Muthetheni, au wa Masii, au wa Wamunyu, ananiuliza swali lile lile: "Kaka, kati ya kadi hizi ipi ni kali?" Na swali linakuja na jedwali alilolitoa kwenye tovuti ya ng'ambo. Juu kabisa kuna kadi ya bei ya shamba, chini kuna zile za watu wa kawaida, na pembeni kuna safu ya fremu kwa dola. Anataka nimwekee kidole kwenye mstari mmoja aende zake Nairobi.

Siweki kidole. Jedwali lile halidanganyi, ila linajibu swali la mtu mwingine. Waliolipima waliifunga kadi kwenye prosesa ya bei ghali, wakaweka pawa saplai ya wati 1000, kisha wakagawanya fremu kwa bei ya dola isiyo na ushuru wa kwetu. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wazee walisema.

Tuanze na bei. RTX 4060 ilitoka Juni 2023 kwa dola 299. Ukihesabu dola kwa shilingi 130 ni 38,870. Ongeza VAT ya asilimia 16, tayari uko 45,000 na ushee, na bado hujamlipa msafirishaji wala mwenye duka hajapata faida yake. Kwa hiyo ile safu ya "fremu kwa dola" ifute. Bei ni ile utakayoambiwa kaunta, kwa shilingi.

Sasa twende kwenye mashine.

Wengi wetu hatujengi kompyuta kutoka mwanzo. Tunanunua zile za ofisi zilizotumika Uingereza, ex-UK kama tunavyoziita: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine nzuri, imara, na nimeandika programu zangu nyingi juu yake. Lakini zile nyembamba zina pawa saplai ndogo, wati 200 na kitu, hazina waya wa ziada wa kulisha kadi, na kadi ya kimo cha kawaida haiingii. Unachopata ni umeme wa sloti tu, ambao kwa kawaida mwisho wake ni wati 75, na baadhi ya mashine hazifikishi hata hapo. Jedwali gani la Marekani limeandika hilo?

Chukua RX 6500 XT ya AMD, iliyotoka Januari 2022. Kadi hii inazungumza na ubao mama kwa njia nne tu za PCIe. Kwenye mashine mpya yenye PCIe 4.0 inajikongoja vizuri. Kwenye mashine ya ofisi yenye PCIe 3.0, na hizo ndizo zimejaa kwetu, njia zile nne zinapitisha nusu ya mzigo. Kadi ina GB 4 tu za kumbukumbu, kwa hiyo zikijaa inalazimika kuchota kwenye RAM ya kompyuta kupitia kijia hicho, na gemu inaanza kukwama. Ni kadi ile ile, pesa zile zile, kazi tofauti.

Halafu kuna ugonjwa wa GB. Muuzaji anakwambia "hii ni 2GB graphics, kaka, hii ni moto", nawe unatoa pochi. GB ni ukubwa wa debe. Kasi ya kujaza na kumwaga debe ni kitu kingine kabisa.

Mfano ni GT 1030. Ilitoka Mei 2017 ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5, gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikatoka nyingine, jina lile lile GT 1030, GB 2 zile zile, lakini kumbukumbu ni DDR4: takriban gigabaiti 17 kwa sekunde. Karibu theluthi moja! Na boksi linasema GT 1030. Huko si kuuziwa mbuzi kwenye gunia? Usidhani ni kadi ndogo tu. RTX 3060 ya Februari 2021 ina GB 12 na njia ya kumbukumbu ya biti 192. Mwishoni mwa 2022 ikatoka RTX 3060 nyingine, GB 8, biti 128. Ukitaja "3060" dukani hujasema kitu.

Sasa najua mtu ameshakunja ngumi: "Na RX 580? GB 8 kwa bei ya kutupa!"

Nakubali, kwenye magemu mengi RX 580 inaishinda GTX 1650, na ina kumbukumbu maradufu. Kama una kesi kubwa, pawa saplai ya maana, na unataka kucheza jioni saa moja mbili, nunua, sikuzuii. Lakini vijana wanaoniuliza wanataka kadi ya kutafutia riziki: video za harusi, matangazo ya kanisa, michoro ya Blender. Kwao nina mambo matatu.

La kwanza, kazi yenyewe. Tangu Blender 3.0 ilipotoka Desemba 2021, OpenCL iliondolewa kwenye Cycles, na njia mpya ya AMD haikuichukua familia ya RX 580. Maana yake kadi yako ya GB 8 inakaa pale ikionyesha dirisha, huku prosesa ikitoa jasho kupiga picha. GTX 1650, dhaifu hivyo hivyo, inafanya kazi hiyo kwa CUDA.

La pili, tokeni. RX 580 imekadiriwa wati 185, GTX 1650 wati 75. Tofauti ni wati 110. Ukifanya kazi kwa nguvu zote saa 6 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hizo ni uniti 17 na kidogo. Weka uniti moja shilingi 30: ni kama shilingi 515 kila mwezi, karibu 6,200 kwa mwaka. Kwa miaka miwili ni zaidi ya 12,000. Hiyo "bei ya kutupa" unailipa polepole kwa simu yako, na bado hujanunua pawa saplai mpya ya kuilisha.

La tatu, imetoka wapi? Kadi hizi zilichimba sarafu ya Ethereum usiku na mchana, na uchimbaji huo wa kadi ulipokoma Septemba 2022 zikamwagwa sokoni kama mitumba. Nyingine ni RX 580 2048SP, iliyotolewa China mwaka 2018, yenye vitengo 2048 badala ya 2304. Hiyo ni RX 570 iliyobadilishwa shati. Muuzaji anaandika "RX 580" na kunyamaza.

Na mkubwa naye asijione salama. Majedwali ya magemu yanaiweka RTX 4060 juu ya RTX 3060, na kwa magemu ni haki yake: ni ya kasi zaidi na inakula wati 115 dhidi ya 170. Lakini ina GB 8. Anayehariri video ndefu kwa DaVinci Resolve, au anayejaribu kuendesha modeli za lugha nyumbani, GB 12 za ile kongwe zitamfaa zaidi, kwa sababu kazi isiyotoshea kwenye kumbukumbu haikimbii hata kadi iwe mpya vipi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, hesabu yangu ni hii:

1. Andika kazi moja itakayokulipa. Angalia kama programu ya kazi hiyo inaitambua kadi hiyo.
2. Fungua kompyuta yako. Pima kimo, soma wati za pawa saplai, angalia kama kuna waya wa ziada.
3. Jumlisha: bei ya kadi, pawa saplai kama inahitajika, tokeni za miaka miwili, na nauli ya kuirudisha Nairobi ikiharibika.
4. Gawanya jumla hiyo kwa kazi utakayotoa, si kwa fremu.

Na wauzaji, msikasirike, zamu yenu imefika. Duka moja mjini Nairobi, jina nalihifadhi, walikataa nifungue GPU-Z kwenye kadi kabla ya kulipa. Eti "hatufanyi hivyo". Niliondoka na pesa zangu. GPU-Z ni programu ya bure, inachukua dakika mbili, na tangu 2018 inaweza kutambua kadi nyingi za NVIDIA zilizobadilishwa jina. Anayeficha dakika mbili anaficha nini?

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kusema uongo kuhusu sifa za bidhaa. Basi andikeni kwenye risiti jina zima la kadi, aina ya kumbukumbu, upana wa njia yake, na kama imetumika. Mstari mmoja tu. Familia inayouza ng'ombe ili kijana apate kifaa cha kazi inastahili mstari mmoja.

Mwenye hesabu tofauti na yangu aje nayo, tutakaa nayo. Lakini aje na shilingi, wati na jina zima la kadi. Majedwali nimeyachoka.