Nimelipa miezi saba bila kukosa, sasa mamangu mnampigia ya nini?

Leo sina mchezo, wadau. Wale mmekuja kucheka, ngojeni video ya Ijumaa. Hii naiandika kwa sababu nikiisema mbele ya kamera nitatukana, na sitaki kutukana, nataka mnielewe.

Nina deni. Naanza hapo ndio mtu asikimbie kwa komenti akijifanya ameligundua. Mwaka jana nilikopa 12,000 kwa apu moja ya simu. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, nimetoka hosteli, mwenye nyumba huku Kahawa West anataka kodi na dipoziti, na simu ninayofanyia kazi ilikuwa imepasuka kioo. Nikalipa nyumba, nikatengeneza kioo. Hakuna shilingi iliyoenda kwa pombe, na hata kama ingeenda, deni ni deni. Sikulipa kwa wakati. Kampuni fulani niliyoifanyia video tatu ilikaa na pesa yangu miezi minne, na hakuna mtu aliyempigia mama ya mkurugenzi wao. Mkumbuke hilo tukiendelea.

Riba na faini zikapanda mpaka 17,400. Sikubadilisha laini wala kuzima simu. Nilipiga huduma kwa wateja mwenyewe, nikaongea na dada mmoja mpole sana, tukakubaliana nilipe 1,450 kila tarehe 5, miezi kumi na miwili. Nikamwomba aniandikie. Akanitumia barua pepe yenye tarehe zote na sentensi moja ambayo nimeikariri kama Baba Yetu: mradi nilipe kwa wakati, hakuna hatua nyingine itakayochukuliwa.

Nimelipa mara saba. Mwezi mmoja nililipa tarehe 4 nikiogopa mtandao utalala. Mwezi mwingine nilikula ugali na sukuma siku tisa mfululizo ndio hiyo 1,450 isiguswe. Jumla ni 10,150. Imebaki 7,250. Hizo hesabu niko nazo kichwani kuliko siku yangu ya kuzaliwa.

Simu zilianza mwezi wa nne wa mpango. Nambari ngeni, Truecaller inaandika jina ambalo siwezi kulirudia hapa, na sauti ya kijana wa rika langu: "Boss, leo kabla ya saa kumi tunataka 19,650." Namwambia nina mpango wa kulipa. "Mpango gani? Hapa kwa sistemu hakuna mpango." Namtumia barua pepe kwa WhatsApp. Tiki mbili za buluu, ameisoma. Dakika kumi zikipita anapiga tena: "Kwa hivyo leo unalipa ngapi?" Kuna siku nilihesabu simu 14 kutoka nambari sita tofauti. Moja ilinipata nikirekodi tangazo la watu, nikalazimika kuanza upya, na ile sura ya furaha haikurudi.

Kumbe kampuni ilikuwa imelipeleka faili langu kwa kampuni nyingine ya kukusanya madeni. Dada mpole yuko ofisi moja, anayetukana yuko ofisi nyingine, na hakuna aliyewaza kuambia ofisi ya pili kwamba ofisi ya kwanza imeshaelewana na mimi.

Nina rafiki tuliyekuwa naye chuo, amewahi kufanya hiyo kazi ya kupiga simu, hapa hapa Nairobi. Alinieleza inavyoenda. Asubuhi unapewa orodha ya majina zaidi ya mia. Mshahara ni kidogo, kamisheni inatoka kwa kile ulichoingiza, na tageti ikikushinda miezi miwili unaenda nyumbani. Yule aliyetupa laini na kuhama mtaa hapatikani, utapoteza siku nzima ukimtafuta. Lakini mtu wa mpango wa kulipa ni mtamu. Anashika simu. Ana aibu. Ameshaonyesha kwamba pesa kidogo anazo. Ukimtisha vizuri atakopa kwa apu nyingine akulipe wewe. Huyo rafiki alisema hivyo bila kupepesa macho, halafu akaniomba nisimhukumu kwa sababu yeye mwenyewe ana mikopo mitatu. Sikumhukumu. Yeye ni mtoto wa watu anatafuta kodi kama mimi. Ninayemhukumu ni aliyemwandikia maneno ya kusema.

Maana mnaona kinachotokea? Aliyejitokeza kulipa ndiye anayeadhibiwa, na aliyetoroka amelala usingizi. Halafu kampuni hizo hizo zinalia ati Wakenya hawalipi mikopo.

Sasa mamangu. Anaishi Kitale, ana kibanda cha mboga na kipande cha shamba. Simu yake ya kabambe iliharibika spika ya masikio, kwa hivyo akishika simu lazima aweke sauti ya nje. Walimpigia Alhamisi akiwa kwa chama. Wamama kumi na wawili wameketi, chai imemiminwa, na mwanaume anasema kwa sauti kwamba yeye ni afisa kutoka kortini, kwamba mtoto wake ni mwizi, kwamba polisi wako njiani kunichukua, ila akituma 3,000 kwa nambari hii saa hii wataambiwa warudi.

Akauza gunia la mahindi. Lilikuwa limewekewa karo ya mdogo wangu. Akatuma hiyo 3,000 kwa nambari ya mtu binafsi, si Paybill. Hakuniambia kwa wiki mbili. Nilijua nilipompigia kumsalimia akaniuliza, "Baba, kwani walikuachilia?"

Nilikuwa kitandani nikihariri video. Nikamuuliza kuachiliwa kutoka wapi.

Hiyo 3,000 haijawahi kuonekana kwa akaunti yangu. Kampuni ya mkopo ikasema hiyo nambari si yao. Kampuni ya kukusanya ikasema huyo mfanyakazi hayuko nao tena. Kwa hivyo gunia la mamangu limeliwa na mtu ambaye hayuko. Na mamangu hajarudi kwa chama tangu siku hiyo. Anatuma mchango wake na jirani.

Kuna kitu mnafaa kukijua, kwa sababu hawa watu wanaishi kwa kutojua kwetu. Mamangu si mdhamini wangu. Hakutia saini popote. Nilipokuwa nikijaza apu kulikuwa na kisanduku cha mtu wa karibu, na bila kukijaza huendi mbele. Kuwa mtu wa karibu hakukufanyi mdaiwa. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza vitisho, matusi na kuwasumbua watu waliomo kwenye simu ya mteja ili kudai deni. Hizo kanuni zilikuja kwa sababu ya haya haya. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nayo iliipiga kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi milioni 5 mwaka 2023, na mwaka huo huo nyingine ikapigwa 2,975,000 kwa kutumia nambari za watu na kuwatumia vitisho. Kwa hivyo si mambo ya kupiga tu kelele mtandaoni, yameshaamuliwa.

Ila nami nina swali kwa waliotunga Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kwa kampuni, faini ya juu ni milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo yake ya mwaka, na inachukuliwa ile iliyo ndogo. Ndogo! Yaani ukiwa na apu inayokopesha maelfu ya watu, hiyo faini unaiweka kwa bajeti pamoja na maji ya kunywa ofisini.

Na ile hadithi ya polisi ni uongo. Kutolipa mkopo ni kesi ya madai, si ya jinai. Askari hatumwi kwako na kijana wa simu. Hata pale sheria yetu inaporuhusu mdaiwa afungwe, ni baada ya kesi, hukumu, na hakimu kukusikiza kwanza kama kweli una uwezo na umekataa. Dalali naye haji tu na lori kubeba televisheni kwa mkopo wa apu usio na dhamana. Lazima kuwe na amri ya korti, na akishaorodhesha vitu vyako unapewa siku saba. Mamangu angejua hayo, gunia lingekuwa kwa stoo.

Najua komenti inayokuja. "Si ulipe tu deni uache kulialia." Mtu wangu, NALIPA. Hiyo ndiyo maana ya mpango. Mkopeshaji alikuwa na uhuru wa kukataa, angesema hapana, leta zote. Alikubali. Alichukua 1,450 yangu mara saba na kila mara M-Pesa ikaniambia imethibitishwa. Huwezi kuchukua pesa ya makubaliano kwa mkono wa kulia halafu kwa wa kushoto umtume mtu kusema hakuna makubaliano. Mimi nikikosa siku moja naitwa mwizi. Nyinyi mkivunja neno lenu ni "sistemu".

HELB nao wananidai, na hawajawahi kumwita mamangu mama ya mwizi mbele ya wamama wenzake. Kudai bila kudhalilisha kunawezekana.

Ninachotaka si huruma. Siku unayonipa mpango, litoe jina langu kwa orodha ya wakusanyaji siku hiyo hiyo, si "baada ya mfumo kusasishwa". Aliyemtuma mkusanyaji abebe makosa ya mkusanyaji, maana data yangu niliwapa nyinyi, sikumpa yeye. Na kila anayepiga simu kudai apewe maneno ya kusema kwamba malipo yanaenda Paybill peke yake, ndio mtu kama mamangu ajue anayeomba kwa nambari yake binafsi anajiombea.

Wewe uliye kwa mpango kama mimi, usikubali mpango wa mdomo. Iandikwe, hata kwa meseji. Usihamishe tarehe yako kwa sababu mtu amekupigia kelele, na usikope pengine ili umnyamazishe, hatanyamaza. Piga picha kila kitu. Na waambie wazee wako mapema kwamba una deni. Hilo ndilo nililoshindwa kufanya. Niliona aibu, nikamficha, kwa hivyo aliposikia mara ya kwanza alilisikia kutoka kwa mgeni. Sehemu hiyo ni yangu, siwezi kumsukumia mtu.

Malalamiko nimepeleka kwa Kamishna wa Data: barua pepe ya mpango, risiti saba, skrinishoti, rekodi mbili za sauti, na meseji ya M-Pesa ya mamangu ikionyesha jina la aliyepokea. Sheria inawapa siku 90 kumaliza. Leo ni siku ya 31. Tarehe 5 nitalipa ya nane.

Mamangu siku hizi hashiki nambari asiyoijua. Juzi bando na kredo viliniishia, nikampigia kwa simu ya rafiki kumwambia nitamtumia za karo kidogo kidogo mpaka hilo gunia lirudi. Ikaita mpaka ikakatika. Nikajaribu tena. Akazima simu.